Nukta moja mwishoni: RFC 1034 ilisema nini, na ilinyamazia nini

Kuna waraka mmoja wa kompyuta ambao unautumia kila siku bila kuujua. Ukifungua tovuti, ukituma barua pepe, ukiingia kwenye app ya benki, mahali fulani kuna jina linageuzwa kuwa namba ya mashine. Kanuni za kazi hiyo ziliandikwa Novemba 1987 katika waraka unaoitwa RFC 1034. Mwandishi wake ni Paul Mockapetris, wakati huo akiwa kwenye taasisi ya sayansi ya habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Una kurasa 55, na una pacha wake, RFC 1035, aliyetoka mwezi huohuo. Mfumo wenyewe tunauita DNS.

Leo nataka tuusome waraka huu kama watu wanavyosoma kitabu: umesema nini, umesemaje, na wapi umenyamaza. Hoja yangu ni moja, na naiweka mezani mapema. RFC 1034 ni waraka bora sana unapoeleza jina lililokamilika linavyotafutwa. Lakini ulipofika kwenye jina lisilokamilika ulieleza tabia za watu badala ya kuweka kanuni. Pengo hilo la sentensi chache bado linatusumbua, na sisi tunaotumia majina ya mtindo wa co.tz na ac.ke tuna sababu ya pekee ya kulijali.

Usiogope kama hujasoma kompyuta. Twende taratibu.

Kwanza tumpe haki yake

Kabla ya DNS, majina ya kompyuta zote za mtandao wa ARPANET yalikaa kwenye faili moja tu, HOSTS.TXT. Lilitunzwa na kituo cha habari cha mtandao pale SRI, Menlo Park, California. Ukitaka mashine yako ijulikane, unawaandikia SRI, wao wanaongeza mstari, halafu kila mwenye mashine anapakua faili upya. Mtandao ukiwa mdogo hilo si tatizo. Ukikua, faili linavimba, mistari inachakaa kabla haijawafikia watu, na wawili wakitaka jina moja lazima mmoja akose.

Mockapetris alibadilisha faili kuwa mti. Juu kabisa kuna mzizi, ambao jina lake ni tupu, halina hata herufi moja. Chini ya mzizi kuna matawi kama com, tz na ke. Chini ya tz kuna ac na co na go, na kuendelea. Mwenye tawi ndiye anayegawa matawi madogo, haombi ruhusa California. Kila kipande cha jina, tukiite lebo, hakizidi baiti 63, na jina zima halizidi baiti 255. Jibu likishapatikana linawekwa kwenye kumbukumbu kwa muda maalumu ili swali lilelile lisirudi juu kila mara.

Chukua jina la kubuni, maktaba.chuo.ac.tz. Linasomwa kutoka kulia kwenda kushoto: mzizi anakuelekeza kwa tz, tz anakuelekeza kwa wenye ac.tz, hao wanakuelekeza chuoni, na chuo kinakupa namba ya mashine ya maktaba. Seva inapopokea swali, waraka unaiambia ifanye nini hatua kwa hatua: ukikuta hivi fanya vile, usipokuta rudi pale. Hapo mwandishi anaandika kwa mkono wa fundi. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya mashine chache za vyuo na jeshi umeibeba intaneti nzima, na sehemu hizi za waraka ndizo zilizoubeba.

Sasa fungua sehemu ya 3.1

Hapa ndipo waraka unapoeleza jina linavyoandikwa na binadamu. Kwa kuwa jina kamili linaishia kwenye mzizi, na mzizi ni tupu, ukiliandika kwa kutenganisha lebo kwa nukta litaishia na nukta. Yaani jina kamili la mfano wetu ni hili:

maktaba.chuo.ac.tz.

Umeiona nukta ya mwisho? Si ya kumaliza sentensi. Ni sehemu ya jina. Waraka unasema nukta hiyo ndiyo alama ya kutofautisha majina ya aina mbili. Likiwa nayo, jina ni zima. Likiwa halina, jina halijakamilika, na programu ya hapo ulipo inatakiwa ilimalizie kwa kuwa inajua ipo wapi.

Wazo lenyewe ni la kawaida kabisa. Ukiwa Mombasa ukamwambia dereva wa tuktuk "Moi Avenue", atakupeleka kwenye zile pembe kubwa za ndovu barabarani. Ukisema hivyohivyo Nairobi, utajikuta katikati ya jiji la Nairobi. Hakuna aliyekosea. Jina lilikuwa fupi, mahali pakalimalizia. Taabu inaanza pale anayekusikiliza hajui kama ulichosema ni kifupi au ni kizima, akaamua kubahatisha.

Je, waraka unasema programu ilimalizie vipi jina fupi? Unataja njia mbili. Ama iongeze mkia mmoja unaojulikana, ama iwe na orodha ya mikia na kuijaribu mmoja baada ya mwingine mpaka jina mojawapo lijibu. Halafu unakiri kwamba upande wa mtumiaji tafsiri inatofautiana kutoka programu moja hadi nyingine. Na unaongeza kwamba kwa kawaida mzizi wenyewe unahesabiwa kuwa mmoja wa mikia hiyo, kwa hiyo jina lenye lebo kadhaa lisilo na nukta mwishoni mara nyingi ni jina zima ambalo mtu ameacha nukta ili kupunguza kuandika.

Hiyo si kanuni, ni maelezo ya jinsi watu wanavyofanya. Ukiwa fundi unayetaka kuandika programu, una swali moja tu: nikipewa a.b bila nukta mwishoni, nianze kujaribu nini, jina lenyewe lilivyo au jina lenye mkia? Waraka ambao umekupangia hatua za seva kwa namba, hapa unakwambia inategemea.

Maandishi yaleyale, kanuni mbili

Kosa la pili limo ndani ya aya hiyohiyo. Mwenye tawi la mti huandika faili lake la kumbukumbu, na ndani ya faili hilo kanuni ni kali: jina lisilo na nukta mwishoni linaongezewa jina la tawi, daima, bila kujali lina nukta ngapi katikati. Kwa mtumiaji, jina lilelile bila nukta linaweza kuhesabiwa kuwa zima.

Kwa hiyo ukiandika "mail.example.com" kwenye kivinjari, unapata mail.example.com. Ukiandika herufi hizohizo kwenye faili la tawi la example.com, ukasahau nukta, unapata mail.example.com.example.com. Muulize yeyote aliyewahi kutunza seva ya majina akutajie kosa la kwanza analowaonya wanafunzi. Kuna uwezekano mkubwa atakutajia hili.

Mtu anaweza kusema hilo ni uzembe wa fundi. Mimi naona ni uzembe wa kanuni. Maandishi yaleyale yakiwa na maana mbili kutegemea dirisha ulilofungua, kosa limeshatengenezwa, linamsubiri tu mtu wa kulifanya.

Alama ambayo huwezi kuitumia

Unaweza kujitetea kwa kusema: basi tuandike nukta kila mahali, tumalize ubishi. Jaribu. Kwenye anwani ya tovuti unaruhusiwa; waraka wa anwani za wavuti, RFC 3986 wa 2005, unasema nukta ya mwisho inafaa pale inapobidi kutofautisha jina zima na la mahali. Kwenye anwani ya barua pepe huwezi. Sarufi ya RFC 5321 ya 2008 haina nafasi yake. Kivinjari kinapoanza mazungumzo ya siri na seva, jina kinalolitaja linatakiwa liwe bila nukta ya mwisho. Hivyo ndivyo isemavyo RFC 6066 ya 2011.

Kwa hiyo alama pekee iliyotolewa mwaka 1987 ya kusema "hili ni jina zima, usiliguse" haiwezi kuandikwa sehemu nyingi ambazo majina yanaandikwa. Hapa barua pepe wana akili kidogo: waliamua kwamba jina kwenye anwani lazima liwe zima, vifupi havikubaliki, basi. Hawakuhitaji nukta kwa sababu walifuta upande mmoja wa swali. Kumbuka uamuzi huo, tutaurudia.

Mkia wa mwenye nani?

Oktoba 1989 ulitoka RFC 1123, waraka wa kuweka masharti kwa mashine za mtandao. Ukaziba kidogo: mfumo wa vifupi ukiwepo, lazima kuwe na namna ya kusema jina limekamilika, na kumalizia kufanyike mara moja tu. Hatua nzuri. Lakini swali la mpangilio, kipi kijaribiwe kwanza, likabaki.

Miaka minne baadaye jibu likaja kwa njia mbaya. Oktoba 1993, Ehud Gavron aliandika RFC 1535 kueleza hatari iliyokuwa ndani ya programu zilizosambaa sana wakati huo. Mashine ikiwa ndani ya kampuni ya com, ikaulizwa jina la chuo linaloishia na edu bila nukta, ilianza kwa kuongeza mikia: kwanza mkia wa idara, halafu wa kampuni, halafu com yenyewe. Yaani kabla ya kufika chuoni, ilikuwa inauliza jina linaloishia na edu.com.

Unaona mlango? Atakayemiliki edu.com anaweza kujibu. Waraka unaeleza kwamba kikoa hicho kilipokwisha kusajiliwa, iligundulika kuwa rekodi moja tu ya kukubali kila kitu ingetosha kuelekeza miunganisho yote kutoka com kwenda edu kwenye mashine moja ya mwenye edu.com. Mtu anaandika jina sahihi la chuo chake, herufi kwa herufi, na anafikishwa kwa mtu mwingine. Hajadanganywa na barua pepe ya kitapeli, hajakosea kuandika. Kanuni tu.

Dawa ya RFC 1535 ilikuwa na sehemu mbili: jina lenye nukta ndani lijaribiwe kwanza lilivyo, na programu iache kupanda mti yenyewe kutafuta mikia.

Sasa tuje kwetu. Dhana iliyokuwa nyuma ya kupanda mti ni kwamba lebo mbili za mwisho ni nyumbani kwako. Kwa Mmarekani mwenye example.com hiyo ni kweli. Lakini kwa mtu mwenye kampuni.co.tz, nyumbani ni lebo tatu. Ukipanda hatua moja kutoka kampuni.co.tz unafika co.tz, na co.tz si nyumbani kwa mtu. Ni barabara ya umma inayopita mbele ya maelfu ya milango. Vivyo hivyo co.ke, ac.tz, go.ug, na Uingereza co.uk.

Je, hilo ni la nadharia tu? Hapana. Desemba 2007 Microsoft ilitoa tahadhari ya usalama namba 945713. Mashine za Windows zinazotafuta zenyewe mpangilio wa kutoka nje kwenye wavuti huuliza jina fupi, wpad. Kwa kampuni yenye jina la lebo tatu, Windows ilikuwa inaweza kuuliza wpad ndani ya kampuni, ikikosa ikapanda ngazi na kuuliza wpad ya tawi la pamoja. Weka hilo kwenye mfano wetu: wpad.kampuni.co.tz, halafu wpad.co.tz. Atakayeimiliki wpad.co.tz ataiambia mashine yako ipitishe mawasiliano yake ya wavuti kwake. Nawe hujaandika chochote; mashine imeuliza kimyakimya. Juni 2009 ikaja tahadhari nyingine, namba 971888, pamoja na marekebisho ya tabia yenyewe ya kupanda ngazi.

Hesabu mwenyewe: kutoka 1993 mpaka 2009 ni miaka 16. Ugonjwa uleule, mfumo mwingine. Wahandisi wa pili hawakuwa wajinga. Waraka mama, ambao kila mtu huanza nao, haukuwaambia kwamba kuna kitu cha kukataza.

Dawa iliyozaa ugonjwa

Kumbuka dawa ya 1993: jina lenye nukta ndani lijaribiwe lilivyo kwanza. Likikosekana, ndipo uongeze mkia. Inaonekana salama, si ndiyo? Sasa fikiria kampuni yenye seva za ndani chini ya corp.example.com. Wafanyakazi wamezoea kuandika kifupi, seva.corp. Kompyuta inauliza kwanza seva.corp kwenye mzizi wa dunia. Mzizi unajibu hakuna kitu kama corp. Ndipo kompyuta inaongeza example.com, na mfanyakazi anafika kazini kwake akiwa na furaha.

Umeona kilichotokea? Jina la mfanyakazi huyu linafanya kazi kwa sababu tu jina la mtu mwingine halipo. Siku mtu akipewa corp kwenye mzizi, seva.corp itakuwa na maana mpya, na hakuna aliyebadilisha chochote ndani ya kampuni.

Mwaka 2012 ICANN, shirika linalosimamia mzizi, lilipokea maombi 1,930 ya majina mapya ya juu, na kati yake yalikuwemo corp, home na mail. Hapo ndipo watu waliposhtuka na kuanza kuongelea mgongano wa majina. ICANN ilibuni hatua ya tahadhari: jina jipya lilipowekwa, kwa siku 90 lilijibu kwa anwani ya pekee, 127.0.53.53, ambayo inarudi kwenye mashine iliyouliza, ili mtunza mtandao aione kwenye kumbukumbu zake na kushtuka. Hiyo 53 ni namba ya mlango wa DNS. Na Februari 2018 bodi ya ICANN iliamua kwamba corp, home na mail zisitolewe kwa mtu, kwa muda usio na kikomo.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta umejengwa kwenye mzizi wa intaneti nzima.

Na bado tunaendelea kulipa

Labda unasema hayo ni ya zamani, mitambo ya leo imejifunza. Basi tuangalie Kubernetes, mfumo unaotumika kila mahali kupanga programu kwenye makundi ya seva. Kwa kawaida kila programu ndani yake inapewa orodha ya mikia mitatu na sharti linaloitwa ndots, lenye thamani 5. Maana yake: jina likiwa na nukta pungufu ya tano, jaribu mikia kwanza. Yaani wameigeuza dawa ya 1993 juu chini.

Programu iliyo kwenye fungu liitwalo duka ikitaka example.com itauliza hivi:

example.com.duka.svc.cluster.local
example.com.svc.cluster.local
example.com.cluster.local
example.com

Tatu za kwanza zinarudi mikono mitupu. Na kwa kuwa mara nyingi kila jina linaulizwa mara mbili, mara moja kwa anwani za mtindo wa zamani na mara moja za mtindo mpya, swali lililotakiwa kuwa mbili limekuwa nane. Wana sababu: ndani yao kuna vifupi virefu kama _http._tcp.huduma.duka.svc, vyenye nukta nne, na walitaka navyo vimalizike. Lakini gharama analipa kila anayeuliza jina la nje. Na dawa inayopendekezwa kila siku unaifahamu: weka nukta mwishoni, au punguza ndots.

Kwa hiyo swali "nianze na nini?" lililoachwa 1987 limejibiwa kwa njia moja na programu za kabla ya 1993, kwa njia nyingine na marekebisho ya 1993, na kwa njia ya kwanza tena na Kubernetes. Na wote wako sawa kwa mujibu wa RFC 1034, maana ilisema tafsiri inatofautiana.

Tumsikilize mtetezi

Mtetezi wa Mockapetris ana hoja nzito. Mwaka 1987 mtandao ulikuwa wa watu wanaojuana. Watu walikuwa wanaandika majina kwa mkono siku nzima na walitaka vifupi. Kila mfumo tayari ulikuwa na mazoea yake, na waraka unaolazimisha mazoea mapya ungeweza kukataliwa wote. Kunyamaza kulikuwa siasa nzuri.

Nakubali nusu. Kuacha kila mahali pachague mikia yake ni sawa. Lakini kuacha mpangilio, na kuacha jinsi ya kujua kama jina ni zima, hiyo si heshima kwa mazoea. Ni kuacha maana ya jina ielee.

Na kuna mfano kwamba inawezekana kuandika vizuri zaidi. Miaka ya 1990 kikundi cha OMG kiliandika huduma ya majina ya CORBA, mfumo wa kuunganisha programu zilizo kwenye mashine tofauti. Leo wachache wanaukumbuka. Lakini soma kanuni yao. Wanasema waziwazi kwamba hakuna jina zima hata moja. Kila jina linatafutwa ndani ya muktadha uliotajwa, na anayeuliza ndiye anayeutaja. Jina lenye vipande vingi linatafutwa hivi: tafuta vyote isipokuwa cha mwisho, utakachopata kiwe muktadha, humo tafuta cha mwisho. Kipande kikikosekana, kosa linarudi na sababu pamoja na sehemu ya jina iliyobaki bila kutafutwa, ili ujue umekwama wapi. Hakuna mikia, hakuna kubahatisha.

Barua pepe walisema majina yote ni mazima. CORBA walisema hakuna jina zima. Zote mbili ni kanuni safi. DNS kwa mtumiaji ilisema baadhi ni mazima, mengine si mazima, na tutajua kwa kujaribu. Hilo la tatu ndilo lililotuponza.

Sentensi zilizokosekana

Februari 2014 kamati ya usalama ya ICANN ilitoa ushauri uitwao SAC064 kuhusu orodha za mikia, na kiini chake kingetosha kwenye aya mbili za 1987. Jina lenye lebo mbili au zaidi liulizwe lilivyo, na lisiongezwe mkia hata likikosekana. Jina la lebo moja linaweza kuongezwa mkia uliowekwa kwenye orodha, lakini lisipelekwe kwenye DNS likiwa peke yake. Basi. Ukiipitisha edu.com kwenye kanuni hiyo, haifiki. seva.corp haiishi kwa kutegemea ukimya wa mzizi. example.com kwenye Kubernetes inaulizwa mara moja. Swali la wpad kupanda mpaka co.tz linabaki kuwa la orodha: mikia iandikwe na mwenye mtandao, mashine isiibuni.

Mimi ningeongeza moja niliyojifunza kwa CORBA: jibu lirudi likiwa na jina zima lililotumika, na mtumiaji aoneshwe. Dereva wa tuktuk angalau anakuuliza, "Moi Avenue ya hapa, si ndiyo?"

Je, uusome RFC 1034? Ndiyo, tena wote. Umeandikwa kwa lugha nyepesi kuliko nyaraka nyingi zilizoufuata, na hatua za seva ni somo la jinsi ya kueleza kazi ya mashine. Ila ukifika sehemu ya 3.1, punguza mwendo. Kama unatumia Linux, fungua faili la /etc/resolv.conf uangalie mstari wa search na neno ndots, ujue ni mikia gani inaongezwa kwenye majina yako na ni nani anayeimiliki. Kama unaandika mipangilio ya seva mahali panapokubali nukta ya mwisho, iweke. Na kama una kikoa chini ya co.tz au ac.ke, hakikisha hakuna mashine yako inayouliza kitu kwenye barabara ya umma ikidhani iko nyumbani.